Anza Chini ya Maji: Jinsi ya Kuichagua Yoti ya Safari Ndefu

Matangazo ya yoti zinazouzwa yanafanana dunia nzima. Picha ya kwanza ni ya sebule: mito myeupe, meza ya mbao inayong'aa, taa zilizofichwa darini, madirisha mapana yanayoingiza bahari ndani. Picha ya mkuku, kama ipo, ni ya mwisho, tena imepigwa kwa mbali. Ushauri wangu ni kuupindua mpangilio huo. Itazame yoti kuanzia chini kwenda juu, kutoka nje kuingia ndani, na sebule uifikie mwisho kabisa, ukiwa umekwisha kuamua.

Nawaandikia watu wa namna mbili. Yupo anayeweka akiba anunue yoti iliyokwisha kutumika, awe yuko Mombasa, Dar es Salaam, Muscat au Toronto, akitaka kusafiri na watu wake kwa miezi au miaka. Na yupo kijana wa pwani anayeitwa awe baharia au nahodha wa yoti ya mtu mwingine, aitoe Kilifi aifikishe Shelisheli, au aitoe Tanga aipeleke Mayotte hadi Durban. Huyu wa pili mara nyingi hukubali bila maswali, kwa sababu amekulia kwenye mashua na ngalawa na bahari anaijua. Bahari anaijua kweli. Ila yoti ya kisasa ni chombo cha namna nyingine, na udhaifu wake umejificha mahali ambapo mashua ya mbao haina.

Kila sifa mpya ya yoti imelipiwa kwa kuacha kitu kingine. Nafasi imelipiwa kwa umbo la bodi, wepesi umelipiwa kwa unene wa kuta, na raha ya kubonyeza kitufe imelipiwa kwa umeme. Yoti isiyo na upungufu haijajengwa. Mnunuzi anapaswa kujua upungufu uko wapi, na kama atauweza huko aendako, fundi akiwa mbali na duka la vipuri likiwa mbali zaidi.

Tazama tulikotoka. Mmarekani Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, alisafiri na Spray, chombo cha mbao cha mita 11 hivi. Miaka 70 baadaye Mwingereza Robin Knox-Johnston aliizunguka dunia peke yake bila kusimama popote na Suhaili, mashua ya futi 32 iliyojengwa Bombay kwa mti wa msaji. Ilimchukua siku 312, akarudi Falmouth Aprili 1969. Vyombo hivyo viwili vilikuwa na mkuku mrefu ulioungana na bodi, na usukani umeegemea nyuma ya mkuku huo huo. Fundi wa majahazi angevielewa kwa kuvitazama mara moja. Vilikuwa vizito na havikuwa na mbio, lakini vilishika njia: Spray iliweza kwenda saa nyingi usukani ukiwa umefungwa kamba na mwenyewe amelala.

Yoti unayoiona leo bandarini imetoka katika ukoo mwingine. Tangu faibaglasi ilipoanza kutumika kwa wingi miaka ya 1960, wachoraji waliukata mkuku ukawa ubawa mfupi katikati, wakautenga usukani nyuma, wakaisimamisha omo wima, na miaka hii ya karibuni wakaipanua tezi ikawa pana karibu sawa na katikati ya chombo. Sababu zao ni za kweli. Mwendo wa juu wa bodi inayopasua maji hutegemea urefu wake kwenye usawa wa maji: chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa futi, zidisha kwa 1.34, utapata mwendo huo kwa noti. Futi 36 za usawa wa maji ni noti 8. Omo iliyosimama wima huongeza urefu huo bila kuongeza urefu wa chombo chenyewe, wala ada ya gati. Tezi pana nayo hutoa vyumba viwili vya kulala nyuma, sehemu kubwa ya kukaa, na bodi isiyolala ubavu upesi.

Malipo yake utayaona siku ya upepo wa omo. Bodi bapa iliyo nyepesi hupiga mawimbi kwa tumbo, na baada ya usiku mmoja wa kishindo hicho mabaharia wamechoka kuliko injini. Tezi pana, yoti ikilala ubavu, huinua usukani kutoka majini. Ndiyo maana yoti nyingi mpya zina sukani mbili, moja kila upande. Tena bodi nyepesi haipendi mizigo. Yoti ya futi 40 ya siku hizi inaweza kuwa na tani 8 au 9 tu. Ukiijaza maji, dizeli, mnyororo, vyakula vya miezi miwili, mashua ndogo na injini yake, umeiongezea tani moja au mbili, na ile mbio uliyoinunua imekwisha. Anayekusudia kuhama na nyumba yake baharini atafute bodi nzito kidogo, yenye tumbo la wastani na tezi isiyopitiliza upana. Nasema hivi nikijua kwamba sokoni zitakuwa chache na za zamani.

Sasa mkuku, na hapa nitakaa.

Katika yoti nyingi za kisasa mkuku ni kipande cha chuma au risasi kilichofungwa chini ya bodi kwa bolti. Kazi yake ni mbili: kuzuia chombo kisisukumwe kando, na kuwa farumi, ule uzito unaokirudisha wima kinapolazwa. Risasi ni ghali, haipati kutu, na ikigonga mwamba hubonyea na kumeza sehemu ya kishindo. Chuma ni rahisi kwa bei, hula kutu, na kishindo chote hukipeleka kwenye bodi. Juu ya bolti hizo, ndani ya ngama, kuna kimia cha faibaglasi kinachosambaza nguvu za mkuku katika bodi nzima. Katika yoti zinazotolewa kiwandani kwa wingi, kimia hicho hutengenezwa peke yake kisha hubandikwa kwa gundi. Gundi ikiachia, bolti zinashikilia ngozi tupu.

Mei 2014 yoti ya futi 40 iitwayo Cheeki Rafiki ilikuwa inarudi Uingereza kutoka Antigua ilipoanza kuingiza maji katikati ya Atlantiki. Mkuku uling'oka, yoti ikapinduka, na watu wanne waliokuwamo wakapotea. Bodi yake ilikutwa imegeuka juu chini, na raba ya kuokolea maisha ikiwa bado imefungwa mahali pake. Wachunguzi wa ajali wa Uingereza walisema yumkini ilikuwa imegonga chini mara kadhaa hapo nyuma, ikatengenezwa, na kile kimia kikawa kimedhoofika bila mtu kuona. Naitaja kwa sababu yoti inayogonga mchanga polepole hubakia inang'aa vilevile, na muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa anaposema haijawahi kupata ajali.

Kwa hiyo fungua vibao vya sakafu. Washa tochi. Pangusa ngama ikauke, uangalie kila bolti na kipande cha chuma kilicho chini ya nati yake. Kutu ya rangi ya chai inayochuruzika ni dalili kwamba maji yanapita. Fuata pembe za kimia kwa kidole: nyufa nyembamba sana mbele na nyuma ya mkuku, rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu, au ukingo wa gundi unaoingiza ncha ya kisu, vyote vinataka maelezo. Kisha toka nje yoti ikiwa juu, utazame mstari ambapo mkuku unakutana na bodi. Unywele mmoja wa ufa upande wa mbele si ajabu. Uwazi unaotoa maji siku ya tatu baada ya kupandishwa ni jambo jingine.

Halafu uliza mkuku unazama kiasi gani. Yoti ya futi 40 kwa kawaida huhitaji maji ya mita 1.8 hadi 2.1. Mwambao wetu ni wa miamba, mafungu na milango myembamba, na wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita 3 hadi 4. Kina cha mita 2 kitakufungia nje ya hori nyingi nzuri, au kitakulazimisha kuingia na maji ya kujaa na kutoka na maji ya kujaa. Zipo yoti za mikuku miwili mifupi, zinazopendwa Uingereza, ambazo maji yakipwa hukaa wima juu ya mchanga zikingoja. Zipo pia za mkuku unaoinuliwa, nyingi zikiwa za aluminiamu kutoka Ufaransa, ambazo hutambaa hadi ufukweni. Zote hizo hupoteza kidogo zinapokwenda joshi. Kwa mtu atakayezunguka kati ya Lamu na Kilwa, ningeukubali upotevu huo bila kusita. Kwa anayevuka bahari tu na kulala bandari kubwa, mkuku wa risasi unaozama zaidi ni bora.

Usukani usiupe dakika mbili. Ushike kwa chini yoti ikiwa nchi kavu, uusukume mbele na nyuma, kushoto na kulia. Ukicheza zaidi ya milimita chache, beringi zimekwisha. Gonga bapa lake kwa kipini cha bisibisi. Sauti butu maana yake maji yameingia ndani, na maji hayo yanakula vyuma vilivyochomelewa kwenye mti wa usukani, mahali usipoweza kuona. Usukani unaoning'inia peke yake ni mwepesi mkononi, lakini hauna kinga mbele yake. Ule ulioshikiliwa na ubawa mdogo wa bodi ni mzito zaidi na ni mgumu kuvunjika. Tangu 2020 nyangumi wauaji karibu na Hispania na Ureno wamekuwa wakizigonga sukani za yoti, na baadhi ya yoti hizo zimezama. Huku kwetu hatari ni gogo, kontena linaloelea, au nyavu. Vyovyote iwavyo, kila yoti ya safari ndefu iwe na kana ya dharura, na kana hiyo uwe umeifunga na kuijaribu kwa mkono wako mwenyewe. Nyingine ukizifunga hugonga kitanda na haziwezi kugeuka.

Kuhusu uthabiti, mengi tunayoyajua yalifunzwa kwa maafa. Katika mashindano ya Fastnet ya 1979, kati ya Uingereza na Ayalandi, yoti 303 zilianza safari, dhoruba ikazikuta njiani, na washindani 15 wakafa. Baada ya hapo watu wakaanza kupima kwa makini zaidi chombo kinaweza kulala kiasi gani kabla hakijakataa kuinuka. Leo yoti zinazouzwa Ulaya hubandikwa kibao chenye herufi: A ni kwa bahari kuu, upepo unaozidi daraja la 8 na mawimbi yanayozidi mita 4; B huishia kwenye daraja la 8 na mita 4; C ni ya daraja la 6 na mita 2; D ni ya maji ya ndani yaliyotulia. Kisome kibao hicho, lakini usikiabudu. Kilitolewa kwa yoti ilivyotoka kiwandani. Mmiliki aliyefunga rada juu ya mlingoti, paneli nne za sola juu ya fremu nyuma, na tanga la kujikunja ndani ya mlingoti, ameupandisha uzito juu, na kibao hakijui. Uliza pembe ya mwisho ya kuinuka. Kwa safari za bahari kuu ningetaka nyuzi 120 au zaidi.

Katamarani inastahili neno lake, maana ndiyo inayopendwa na wengi sasa, na nyingi zinajengwa si mbali na sisi, Cape Town. Hailali ubavu, kikombe cha chai kinakaa mezani, mikuku yake mifupi huhitaji maji ya mita 1.3 hivi, na kivuli chake ni kikubwa. Kwa familia yenye watoto na kwa joto letu, ni nyumba nzuri. Lakini uthabiti wake unatokana na upana peke yake; ikipinduka, haiinuki. Kwa sababu hailali, haikuonyi upepo unapozidi: nahodha wa katamarani hupunguza tanga kwa kusoma kipimo cha upepo, hangoji kuhisi. Gharama nazo ni za injini mbili, sukani mbili na bodi mbili za kupiga msasa. Ukiipenda, inunue iliyo ndogo usiizidishie mizigo, badala ya kubwa usiyoimudu.

Twende juu. Yoti nyingi za leo zina mlingoti mmoja, tanga kuu na tanga moja la mbele linalojikunja kwenye waya wake. Mlingoti wa galme umepungua sana, ingawa mimi bado naupenda kwenye yoti ndefu, kwa sababu unaligawa tanga vipande ambavyo mtu mmoja anaviweza. Sifa inayouzwa kwa nguvu zaidi ni tanga kuu linalojikunja ndani ya mlingoti. Unavuta kamba moja ukiwa umekaa, tanga linapungua. Tatizo ni tanga lililochakaa kwa jua: limelegea, linajikunja na makunyanzi, linakwama nusu ndani nusu nje, na upepo unaongezeka. Hapo hulitui wala hulikunji. Kwa wenzetu wenye karakana ya matanga katika kila mji, hilo linavumilika. Kwa anayeishi Pemba au Nosy Be, napendekeza tanga la kawaida linaloshuka kwa uzito wake juu ya boriti, lenye kamba za kulipunguza mara tatu. Ni kazi kidogo zaidi, lakini ukifungua jarari, tanga linakuja chini.

Waya zinazoushikilia mlingoti hufa kwa ndani. Chuma cha pua kinalindwa na hewa. Mahali kilipofungiwa na chumvi bila hewa, kinaoza. Chukua karatasi laini ya chooni uizungushe kwenye kila waya mahali unapoingia kwenye kishikio chake cha chini, uivute taratibu. Ikinasa, uzi mmoja umekatika, na waya wote ubadilishwe pamoja na pacha wake wa upande wa pili. Tazama pia vile vyuma vinavyopenya sitaha kushika waya: sehemu mbaya ni zile sentimita chache zilizomo ndani ya sitaha yenyewe, zisizoonekana juu wala chini. Ukiona alama za maji kwenye mbao chini yake, vifunguliwe vyote. Waya zilizofika miaka 10 hadi 15 zihesabu kuwa zimekwisha, hata zikiwa zinang'aa, na punguza bei kwa kiasi hicho. Kampuni nyingi za bima zitakuuliza umri wake.

Pia fikiri upepo utakaokutana nao. Kusi ikiwa imeshika, kupata upepo si shida, shida ni wingi wake. Lakini kati ya kusi na kaskazi kuna majuma ya upepo hafifu, na yoti nzito yenye tanga dogo itakaa ikiyumba mrama tu. Tanga kubwa jepesi la mbele, linaloviringishwa kwenye kamba yake, litakuokolea dizeli nyingi. Na usisahau mkondo. Pwani ya Tanzania mkondo huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaweza kufika noti 4. Yoti isiyoweza kubisha vizuri, ikitaka kwenda kusini majira hayo, itapiga bisho mchana kutwa na jioni ikauona mnara ule ule. Ndiyo maana mtu anayejua huuliza yoti inakwenda nyuzi ngapi karibu na upepo, kisha huijaribu.

Sitaha nitaipita haraka. Iwe na ukingo wa kuzuia mguu, vishikio kutoka nyuma hadi mlingotini, na mishipi ya usalama. Igonge kwa nyundo ndogo ya plastiki kila mahali palipofungwa kitu: sitaha nyingi zina mbao laini au povu katikati ya ngozi mbili za faibaglasi, na sauti inapobadilika kutoka kali kuwa nzito, maji yameingia. Pale unapokaa usukani, ukiwa na magurudumu mawili ya kupendeza, hakikisha mtu mmoja anaweza kufikia kamba za matanga yote bila kuondoka. Kisha utafute kivuli. Wachoraji wa kaskazini huchora yoti za kuota jua. Sisi tunataka turubai imara linalobaki juu hata yoti ikiwa inasafiri.

Ndani, jilaze. Kweli kabisa: vua viatu, ulale kwenye kila kitanda, na ujiulize utalala vipi yoti ikiwa imelala upande mmoja kwa siku nne. Kile kitanda kikubwa cha omo ni cha bandarini tu. Baharini utahitaji vitanda viwili vyembamba karibu na katikati, vyenye kitambaa cha kukuzuia usianguke. Sebule pana iliyosifiwa kwenye tangazo inaweza kuwa adui, kwa sababu mtu akirushwa hapo hana pa kushika. Nyosha mkono na uone kama kutoka ngazini hadi chooni kuna kishikio kila hatua. Jiko liwe linaning'inia, libaki wima chombo kikiyumba, na mpishi awe na pa kujibana. Mtungi wa gesi ukae katika sanduku lake lenye tundu la kutolea nje ya bodi, maana gesi ni nzito kuliko hewa na ikivuja itatua ngamani kungoja cheche. Madirisha ya darini yawe mengi, yafunguke kuelekea omo, yawe na nyavu za mbu. Yale madirisha makubwa yasiyofunguka ni mapambo ya nchi za baridi.

Sasa umeme, kwa sababu hapa ndipo yoti ya kisasa ilipotofautiana zaidi na ya baba zetu. Fanya hesabu kwa volti 12. Friji hula ampea-saa 50 hadi 60 kwa siku, na kwa joto letu inaweza kuzidi. Usukani wa umeme ukiongoza mchana na usiku hula 70 au zaidi. Ramani ya skrini, redio ya VHF na AIS (kifaa cha kutambua meli zilizo karibu) ni 30. Taa, pampu za maji na simu ni 15. Umefika 170 kabla mtambo wa kusafisha maji ya chumvi haujawashwa. Paneli za sola za wati 400, siku ya jua na bila kivuli cha tanga, zitakurudishia 100 hadi 130. Maana yake ukiwa umetia nanga, usukani umezimwa, unaishi kwa jua. Ukiwa safarini, kila siku unapungukiwa. Betri za risasi usizitumie chini ya nusu. Za lithiamu zinakupa asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake na ni nyepesi, ila zinahitaji chaja na vidhibiti vyake sahihi, na lithiamu iliyounganishwa kienyeji kwenye altaneta ya zamani inaweza kuiunguza. Ukikuta betri mpya, omba mchoro wa nyaya. Asiye na mchoro hajui alichofunga.

Kwa safari ndefu ningetoa friji kabla sijatoa usukani wa upepo. Usukani huo ni chombo cha chuma kinachofungwa nyuma, chenye bapa linalosoma upepo na kasia linalochukua nguvu za maji kuugeuza usukani. Mwingereza Blondie Hasler alivuka Atlantiki na cha kwake mwaka 1960, akiwa na mashua ndogo iitwayo Jester. Hakili umeme, hakilalamiki, na upepo ukiongezeka kinapata nguvu zaidi. Upungufu wake ni kwamba kinafuata upepo. Upepo ukigeuka, nacho kinageuka, na karibu na miamba mtu lazima awe macho. Tena tezi pana zenye ngazi ya kuogelea inayokunjuka hazikipi nafasi, jambo la kuliangalia kabla hujalipa.

Chini ya sinki, chini ya choo na pembeni mwa injini kuna vali zinazopita bodi kwenda majini. Zihesabu zote. Kila moja ifunguke na kufungwa kwa mkono bila nyundo, iwe na kizibo cha mbao kimefungwa kando yake. Kwangua kidogo kwa ncha ya kisu: rangi ya manjano ni nzuri. Ukiona rangi ya waridi, zinki imekwisha kuliwa na maji ya chumvi, kilichobaki kinavunjika kwa teke. Vali ni kitu cha bei ndogo, na kuvunjika kwa moja tu kunazamisha chombo chenye thamani ya nyumba nzima.

Injini ikaguliwe na fundi wa dizeli wa kawaida, hata wa malori, bora awe mwaminifu. Wewe angalia kama anaweza kuifikia: chujio, pampu ya maji na mkanda viwe mahali mkono unapofika bila kuvunja kitanda. Vichujio viwili vya dizeli, kimoja chenye bilauri ya kuona maji, ni lazima huku ambako mafuta hununuliwa kwa madumu.

Na nanga. Yoti nyingi huuzwa na nanga ndogo ya kupigia picha. Futi 40 inataka nanga ya kisasa, yenye ncha nzito inayojizika, ya kilo 20 hadi 25, na mnyororo wa milimita 10 usiopungua mita 60, ambao peke yake ni kilo 140 hivi. Winchi ya umeme ya kuuvuta si anasa. Piga hesabu kwa maji ya kujaa. Umeingia hori maji yakiwa yamepwa, kina ni mita 6. Yatapanda mita 3, na omo yako iko mita 1.5 juu ya maji. Jumla 10.5, mara tano, ni mita 52.5. Aliyeangalia mita 6 akatoa mita 30 ataanza kuburuta saa sita za usiku, watu wakiwa wamelala.

Ukifika hapa na bado unaitaka yoti, omba siku mbili. Ya kwanza ni ya baharini, tena siku yenye upepo: zima injini, tweka matanga yote, bisha mara kumi, punguza tanga hadi mara ya mwisho, achilia usukani uone inakwenda wapi, kisha teremka chini yoti ikiwa imelala ubavu ujaribu kupika chai. Fungua vibao vya sakafu tena, utazame ngama. Siku ya pili ipandishwe nchi kavu mbele ya mkaguzi uliyemchagua na kumlipa wewe, si aliyeletwa na dalali. Katika bei unayokubali, bakisha pesa za waya, matanga, betri na nanga, kwa kuwa karibu kila yoti iliyotumika itakudai angalau viwili kati ya hivyo mwaka wa kwanza. Muuzaji akikataa kuipandisha, hata kwa gharama yako, mshukuru kwa muda wake, uende ukaangalie nyingine.